Dakika Tatu Mbele ya Kipaza Sauti: Kuandaa Muhtasari wa Maoni ya Bajeti

Haya ni maandishi ya mada iliyowasilishwa kwa wawakilishi wa vikundi vya wakazi wanaojiandaa kwa vikao vya wadi vya kukusanya maoni kuhusu bajeti ya kaunti.



Mada ya leo ni ndogo kwa jina lakini matokeo yake ni makubwa. Inahusu jinsi mkazi wa kawaida anavyoweza kuandaa muhtasari wa mazungumzo yake kabla ya kusimama katika kikao cha bajeti. Muhtasari huo si hotuba iliyoandikwa neno kwa neno. Ni karatasi moja, au hata kumbukumbu ya vidole vitano, inayomwonyesha msemaji aanzie wapi, apitie wapi na amalizie wapi.

Haki ipo, dakika ni chache

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika Kifungu cha 1 kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa watu miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika kazi zake, na Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Kwa hivyo mkazi anayesimama kusema hafanyiwi hisani. Anatumia haki yake.

Hata hivyo, haki ya kusema haiongezi saa. Katika ukumbi wenye watu 150, mwenyekiti akimpa kila msemaji dakika tatu, ni watu 20 tu watakaosikika kwa saa nzima. Na dakika tatu si nyingi. Kwa mtu anayezungumza bila haraka, ni yapata maneno 300. Salamu ndefu zikichukua dakika moja, theluthi ya nafasi imekwenda kabla ya jambo lenyewe kutajwa.

Tena, maneno yanayosemwa ukumbini hayafiki kwenye bajeti yenyewe kwa sauti. Yanafika kwa maandishi. Kuna karani anayeandika kumbukumbu, na kuna afisa atakayezisoma siku chache baadaye akiwa ofisini, pamoja na kumbukumbu za wadi nyingine. Afisa huyo hakuona uso wa msemaji wala hakusikia makofi. Anachokiona ni mstari mmoja au miwili. Msemaji aliyejiandaa vizuri ni yule aliyefikiria mapema mstari huo utasemaje.

Maneno ya kweli yasiyobeba kitu

Chukulia mfano wa kijiji cha kutungwa, kisicho kwenye ramani yoyote lakini kinachofanana na vingi. Kijiji kina kisima kilichochimbwa zamani. Pampu yake iliharibika mwezi wa Agosti na haijatengenezwa. Siku ya kikao, mkazi mmoja anapewa kipaza sauti, naye anasema hivi:

"Bwana mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi hii. Itifaki imezingatiwa. Sisi watu wa huku tumesahaulika sana. Barabara ni mbaya, vijana hawana kazi, zahanati haina dawa, shule ya sekondari haina maabara, na maji ndiyo usiseme. Akina mama wanateseka. Tunaomba serikali itukumbuke."

Anapigiwa makofi, na anastahili, kwa maana hakuna alichosema kisicho kweli. Lakini karani anaandika: "Wakazi waliomba barabara, ajira, dawa, maabara na maji." Afisa wa bajeti akiusoma mstari huo hawezi kujua ni barabara gani, wala kama maji yanayoombwa ni kisima, bomba au tangi. Hawezi kuutia kwenye jedwali lolote. Mwaka unapita, pampu imelala palepale, na mkazi huyo anaamini kwamba hakusikilizwa. Alisikilizwa, ila hapakuwa na kitu cha kushika.

Tofauti kati ya mkazi huyo na yule atakayepata pampu huenda isiwe ufasaha wala elimu. Mara nyingi ni nusu saa ya kukaa chini siku moja kabla, akiwa na kalamu na karatasi.

Vidole vitano vya muhtasari

Muhtasari wa dakika tatu unaweza kubebwa na mkono mmoja. Kila kidole kina kazi yake. Njia hii inamfaa pia mzee au mama asiyesoma, kwa sababu vidole havisahauliki nyumbani.

Kidole gumba ni ombi. Hapa ndipo maandalizi yanapoanza, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuliacha ombi liwe la mwisho. Kabla ya kuandika neno lingine lolote, msemaji aandike sentensi moja inayosema nani afanye nini, wapi na lini. Katika kijiji kile, sentensi hiyo ni: "Idara ya Maji itenge fedha za kununua pampu mpya na kukarabati kisima cha kijiji hiki katika mwaka wa fedha unaoanza Julai 1." Ombi la namna hiyo karani analiandika kama lilivyo. Ombi likishindwa kuingia katika sentensi moja, bila shaka ni maombi mawili, na moja lipewe msemaji mwingine.

Kidole cha shahada ni hali. Hiki kinaonyesha jambo lilivyo leo, si historia ya kijiji tangu uhuru. Pampu iliharibika lini? Watu wanapata maji wapi sasa? Umbali ni gani? Nani anaumia zaidi? Sentensi tatu au nne zinatosha. Neno "tunateseka" liachwe, na mahali pake pawekwe kile ambacho mtu angekiona kama angefika kijijini saa kumi na mbili asubuhi: wasichana wakienda mtoni kilomita nne kabla ya shule, na punda wakipita na mitungi ya kuuza.

Kidole cha kati ndicho kirefu kuliko vyote, nacho ni ushahidi. Msemaji achague tarakimu mbili au tatu tu, zile anazoweza kuzitetea. Kijiji kile kina kaya 210. Mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 20. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku inalipa shilingi 100, yaani shilingi 3,000 kwa mwezi. Tarakimu hizo hazihitaji mtaalamu. Zinahitaji mtu wa kuuliza na kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na shida nayo ni vivyo hivyo: isiyoandikwa hupotea.

Kidole cha pete ni njia, yaani fedha zitapitia wapi. Kidole hiki kinasahauliwa na wengi, na kitaelezwa zaidi hapa chini.

Kidole cha mwisho ni jibu. Kila ombi lina swali lake linalongoja. Kwa kisima, swali ni hili: pampu ikiharibika tena, nani ataitengeneza? Msemaji aliyejiandaa halingoji swali hilo. Analijibu mwenyewe kwa sentensi moja: kijiji kimechagua kamati ya maji, na kila kaya imekubali kuchanga shilingi 50 kwa mwezi kwa matengenezo. Jibu hili liwe la kweli. Kama kamati haipo, basi muhtasari umefanya kazi nyingine ya maana, kwa kuwakumbusha wakazi waiunde kabla ya siku ya kikao.

Baada ya vidole vitano, mkono unafungwa kuwa ngumi: ombi linarudiwa, kwa maneno yaleyale ya mwanzo. Karani aliyekuwa akifungua ukurasa mpya mara ya kwanza atalipata mara ya pili.

Kuhakikisha ombi limefika mlango wake

Muhtasari mzuri unaweza kuharibika kwa sababu moja: kuomba jambo kutoka kwa serikali isiyohusika nalo. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, ambulansi, barabara za kaunti, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, huduma za kilimo na mifugo, maji, usafi na uzoaji taka ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi, barabara kuu za kitaifa na hospitali za rufaa za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa.

Ndiyo sababu ombi la maabara ya shule ya sekondari, katika mfano ule, lilikuwa limepotea njia hata kabla ya kuandikwa. Shida ya wanafunzi ni ya kweli, lakini kikao cha bajeti ya kaunti si mahali pake. Mkazi anayeandaa muhtasari aulize kwanza: je, hii ni kazi ya kaunti? Asipokuwa na hakika, ofisi ya msimamizi wa wadi itamwelekeza. Kuuliza si ujinga, na swali moja kabla ya kikao huokoa dakika tatu ndani ya kikao.

Jambo la pili ni wakati. Bajeti ina kalenda yake, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na kila hatua ina ombi linaloifaa.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hapo ndipo mahali pa kuomba mradi mpya, kwa sababu miradi ya mwaka unaofuata inaanza kupangwa. Mpango huo nao hutokana na Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, unaojulikana na wengi kama CIDP. Mkazi anayeweza kuonyesha kwamba ombi lake tayari limo katika mpango wa miaka mitano ana nguvu kuliko yule anayeanza upya.

Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti huwasilishwa kufikia Februari 28. Huo hauzungumzii kisima kimoja kimoja. Unaweka viwango: idara ya maji ipate kiasi gani, afya kiasi gani, barabara kiasi gani. Hapo mkazi anafaa kusema kwa nini idara fulani iongezewe.

Makadirio ya bajeti yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30, na bajeti inafaa kupitishwa kufikia Juni 30, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katika miezi hiyo miwili, swali linalosikika ni la jambo mahususi: kiasi fulani kiongezwe, kipunguzwe au kihamishwe. Anayekuja mwezi wa Mei kuomba mradi mpya mkubwa usiotajwa popote amechelewa. Muhtasari wake utafaa zaidi ukihifadhiwa kwa maandalizi ya mpango wa Septemba.

Kidole cha pete: fedha zitoke wapi

Sheria hiyohiyo inasema kwamba bunge la kaunti likiongeza fedha mahali pamoja katika makadirio, lazima lipunguze mahali pengine ili hesabu isawazike. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hukwama. Kila wadi inaomba kuongezewa, na hakuna anayesema kipungue nini.

Msemaji anayetoa pendekezo la pande zote mbili anawapunguzia kazi wawakilishi wa wadi. Katika mfano wa kisima, tuseme makadirio ya Idara ya Maji yana shilingi 2,000,000 za samani za ofisi, na fundi amekadiria kwamba pampu na ukarabati vitagharimu shilingi 900,000. Mstari wa njia utasomeka hivi: "Shilingi 900,000 zihamishwe kutoka samani hadi ukarabati wa visima, na kisima hiki kitajwe kwa jina katika orodha ya miradi." Kuhamisha ndani ya idara ileile ni rahisi kuliko kuchukua kutoka idara nyingine, kwa sababu viwango vya idara huwa vimeshazungumzwa mwezi wa Februari. Pia hakumgombanishi mkazi na jirani anayengoja dawa katika zahanati.

Kutaja kisima kwa jina si jambo dogo. Fungu linaloitwa "ukarabati wa visima" bila orodha linaweza kutumika kwa kisima chochote. Fungu lenye orodha linaweza kufuatiliwa.

Ili aandike mstari huo, mkazi anahitaji kuiona hati ya makadirio. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kulijibu ombi la kawaida. Siku hizo ni nyingi kwa anayesubiri wiki ya kikao ndipo aulize. Anayetaka hati za kumsaidia aombe mapema, kwa maandishi, na aandike tarehe aliyoomba.

Ushahidi unaosimama

Tarakimu ni kama nguzo za kibanda: moja ikioza, zote zinashukiwa. Msemaji akisema nusu ya watoto wa kijiji wanaumwa na tumbo kwa sababu ya maji ya mto, na akaulizwa amejuaje, akashindwa kujibu, hata hesabu yake ya kweli ya mitungi itatiliwa shaka. Bora tarakimu ndogo yenye chanzo kuliko kubwa isiyo na mwenyewe.

Vyanzo vipo karibu. Kamati ya maji ina daftari. Wazee wa vijiji wanajua idadi ya kaya. Matokeo ya sensa ya Agosti 2019 yalichapishwa hadi ngazi ya kata ndogo, na yanaonyesha idadi ya watu na ya kaya. Fundi anaweza kuandika makadirio ya bei kwenye karatasi yenye tarehe. Picha ya pampu iliyoharibika, ikichapishwa, haihitaji maelezo marefu.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimiwa. Habari za ugonjwa wa mtu au shida ya nyumba fulani zisitajwe kwa jina mbele ya ukumbi bila ridhaa ya mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inailinda siri hiyo, na hata pasingekuwa na sheria, adabu ingetosha. Msemaji anaweza kusema "familia moja yenye mgonjwa kitandani" bila kuinyooshea kidole.

Muhtasari wenyewe unavyoonekana

Baada ya kazi yote hiyo, karatasi ya msemaji wa kisima inakuwa fupi kuliko inavyodhaniwa. Maneno yameandikwa kwa herufi kubwa, yenye nafasi katikati, ili yasomeke hata mkono ukitetemeka:

1. Ombi (sekunde 30): salamu moja, jina, kijiji. Idara ya Maji itenge fedha za pampu mpya na ukarabati wa kisima, mwaka unaoanza Julai 1.

2. Hali (sekunde 40): pampu iliharibika Agosti. Mto kilomita 4. Wasichana huenda alfajiri kabla ya shule. Wengine hununua kwa wenye punda.

3. Ushahidi (sekunde 40): kaya 210. Mtungi shilingi 20. Mitungi 5 kwa siku ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Daftari la kamati lipo hapa.

4. Njia (sekunde 35): fundi amekadiria shilingi 900,000. Zihamishwe kutoka samani za ofisi, idara ileile. Kisima kitajwe kwa jina.

5. Jibu (sekunde 20): kamati imechaguliwa. Kila kaya itachanga shilingi 50 kwa mwezi.

Ngumi (sekunde 15): rudia ombi. Kabidhi nakala kwa karani. Asante.

Jumla ni sekunde 180, yaani dakika tatu kamili. Hakuna sentensi ndefu humo. Msemaji anajaza maneno kwa ulimi wake mwenyewe anapozungumza, akiwatazama watu. Anayesoma hotuba nzima kutoka kwenye karatasi huinamisha kichwa, sauti ikaanguka, na akipoteza mstari hana pa kurudia. Mwenye vidokezo akipotea anatazama chini mara moja na kuona kidole kinachofuata.

Ikiwa mwenyekiti atatangaza kwamba muda umepunguzwa hadi dakika moja, muhtasari huu hauvunjiki. Msemaji anasema kidole gumba, anachukua tarakimu moja kutoka kidole cha kati, anarudia ombi na kukabidhi nakala. Huo ndio uzuri wa kuanza na ombi. Aliyeliweka mwisho angekatizwa akiwa bado anasimulia Agosti.

Kujaribu na kugawana

Muhtasari haujakamilika mpaka usemwe kwa sauti. Msemaji asimame, aweke simu ipime muda, na amwombe mtu ambaye hakuhusika kuuandika asikilize. Baada ya kumaliza, amuulize swali moja tu: "Nimeomba nini?" Msikilizaji akijibu kwa sentensi ileile ya kidole gumba, kazi imekwisha. Akijibu "umeomba maji", muhtasari urudiwe.

Vikundi navyo vigawane hoja. Si busara watu watano wa kikundi kimoja kusimama na kurudia jambo lilelile huku mambo mengine manne yakikosa msemaji. Kikundi kikae pamoja, kiandike maombi yote, kisha kila ombi lipewe mtu mmoja na mkono mmoja. Kijana azungumzie chuo cha ufundi, mama wa sokoni azungumzie vyoo na taa za soko, mtu anayetumia kiti cha magurudumu azungumzie njia ya kuingilia zahanati. Anayeishi na jambo hulieleza kwa maneno machache.

Kuhusu lugha, Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu hichohicho kinaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili na lugha ya ishara ya Kenya. Hakuna mkazi anayepaswa kunyamaza kwa kukosa Kiingereza. Anayehitaji mkalimani, wa lugha ya mama au wa lugha ya ishara, aijulishe ofisi ya wadi mapema ili apangiwe.

Baada ya kushuka jukwaani

Kazi ya muhtasari haimalizikii kwenye makofi. Karatasi ileile, ikiandikwa upya kwa sentensi kamili na kutiwa jina la kikundi, tarehe na sahihi, inakuwa waraka wa maoni. Nakala moja apewe karani, na nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na kubaki na kikundi. Wakati wa kikao unaweza kwisha kabla ya jina la mtu kufikiwa, lakini karatasi haihitaji kipaza sauti.

Bajeti ikipitishwa, kikundi kirudi na nakala yake na kutafuta ombi katika orodha ya miradi. Likiwemo, kazi inayofuata ni kufuatilia utekelezaji. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka, huonyesha jinsi kaunti zinavyotumia fedha zao. Lisipokuwemo, kikundi kina haki ya kuuliza sababu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamishi na maombi rasmi kwa maandishi juu ya jambo lolote lililo chini ya kaunti. Swali lenye tarehe, jina la mradi na nakala yenye muhuri ni gumu kulipuuza.

Inafaa kusemwa wazi kwamba muhtasari mzuri si ahadi ya kupata. Fedha zina kikomo, na ombi zuri la kijiji kimoja hushindana na maombi mazuri ya vijiji vingine. Lakini kukataliwa kwa sababu inayojulikana ni tofauti na kupotea katika mstari wa "wakazi waliomba maji". Aliyekataliwa kwa sababu anajua arekebishe nini kabla ya Septemba.

Ndugu wakazi, kabla ya kikao kijacho, kila kikundi kichague ombi lake moja la kwanza na kuliandika kwa sentensi moja: nani afanye nini, wapi na lini. Vidole vinne vilivyobaki vitafuata. Anayetaka kusaidiwa kupata hati za bajeti, kujua tarehe ya kikao cha wadi yake au kupangiwa mkalimani afike katika ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu naye, na aje na kalamu.